Miaka Yangu Kona ya Nne

Tangu nistaafu, vijana wa kikosi wananipigia simu kuniuliza mambo ambayo nilidhani yameandikwa mahali fulani. Mmoja anauliza mnyororo gani unafaa kwa gari lililokatika ekseli ya nyuma. Mwingine anauliza kama ni kweli Bi Loretta aliwahi kumwondoa dereva bingwa katikati ya njia kwa kumnyooshea kidole tu. Ni kweli, nilikuwepo. Mke wangu Zuhura amechoka kunisikia nikijibu jambo lile lile kila jioni, akaniambia, "Idi, si uandike wasome wote, na mimi nipumzike?" Basi naandika. Wengi wenu sasa mnazungumza Kiswahili, kiwe cha Tanzania, cha Kenya au cha Kongo, kwa hiyo naandika kwa lugha yetu. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa. Hayo mtauliza ofisini, na mkijibiwa mniambie na mimi.

Kwa ndugu atakayesoma bila kuijua kazi yenyewe: kaskazini mwa Fort Worth, Texas, kuna uwanja mkubwa wa mbio za magari. Njia yake ni duara refu la lami lenye kona nne, na kwenye kona lami imeinuliwa upande wa nje mpaka inakuwa kama ukuta uliolala, ili magari yapite bila kupunguza mwendo. Magari yenyewe kwa nje yanafanana na ya mtaani. Kwa ndani yameondolewa kila kitu, yamebaki mabomba ya chuma, kiti kimoja na injini yenye hasira. Yanakimbia kwa kundi, bampa kwa bampa, kwa mwendo ambao ukiusema nyumbani watu wanadhani umekosea kuhesabu. Kazi yetu ilikuwa kukaa ndani ya malori pembeni mwa njia na kungoja yagongane. Tuliomba yasigongane, na yakigongana tuwe wa kwanza kufika.

Mimi nilifika Texas nikimfuata Zuhura, aliyekuwa amepata kazi ya ofisi Plano. Nyumbani Morogoro nilikuwa fundi magari. Garland, mji wa jirani na Dallas tulikopanga nyumba, nilianza kwenye ghala nikipanga maboksi, halafu nikapata kazi ya kuendesha gari la kuvuta magari mabovu kwenye barabara kuu kati ya Dallas na Houston. Nimevuta magari kwenye mvua za Houston ambazo huoni hata boneti yako. Nimevuta malori yaliyolala ubavu na kumwaga kuku, matofali, na siku moja magodoro, ambayo yalisaidia sana kupunguza majeruhi.

Siku moja nilikuwa kando ya barabara hiyo, nikihangaika na gari la familia lililotumbukia mtaroni. Mama mmoja wa Kizungu, mfupi, mwenye kofia ya jua na mdomo uliojaa mbegu za alizeti, akasimamisha gari lake akakaa ananitazama. Nilikuwa nimewaketisha watoto kwenye kivuli cha lori langu, nawauliza majina yao kabla sijagusa mnyororo. Nilipomaliza akaja.

"Kwa nini ulianza na watoto?" akaniuliza.

"Gari haliendi popote," nikamwambia.

Akatema maganda pembeni, akanipa namba yake ya simu. Huyo ndiye Bi Loretta, mkuu wa kikosi cha uokoaji cha uwanja. Wenyeji wote walimwita Miss Loretta, na mimi nikamwita Bi, akazoea.

Siku yangu ya kwanza sikuliona hata gari moja la mbio. Bi Loretta alinipeleka nyuma ya gereji, ambako alikuwa na bodi ya gari kuukuu iliyofungwa kwenye fremu inayozunguka. Wengine kati yenu mnaijua vizuri. Akaniingiza ndani kupitia dirishani, maana milango ya magari haya haifunguki, akanifunga mikanda yote ya mabegani, kiunoni na katikati ya mapaja, akanivalisha helmeti. Halafu akaizungusha ile bodi nikawa kichwa chini, miguu juu, akaiacha hapo.

Nawaambia ukweli, ndani ya muda mfupi nilikuwa sijui mikono yangu iko wapi. Damu yote ilishuka machoni. Kila kiungo mwilini kilitaka jambo moja tu, kufungua ule mkanda.

"Unataka kufungua?" akaniuliza, amechuchumaa dirishani.

"Ndiyo."

"Ukifungua utaanguka kwa kichwa, na shingo ndiyo itakayopokea mwili mzima. Kila dereva anajua hivyo, na kila dereva akipinduka mkono wake unakwenda kwenye kifungo. Wewe kazi yako ni kuufikia huo mkono kabla haujafika." Akaniweka mkono begani, akaukandamiza kidogo. "Unasikia tofauti?"

Nilisikia. Mkono wa mtu begani ulinirudishia juu na chini.

Wiki iliyofuata nikasikia mbio kwa mara ya kwanza, na nasema kusikia kwa makusudi. Nilikuwa nimeketi kwenye lori karibu na kona ya nne, kona ya mwisho kabla ya mstari wa kumalizia, nikiwa na chapati za Zuhura mapajani. Bendera ya kijani ikapungwa. Kundi lilikuwa mbali, upande wa pili wa uwanja, likiunguruma kama mashine ya kusaga. Halafu likaja. Sauti ile haiingii masikioni, inaingia kifuani, inakutikisa mbavu, kioo cha lori kinatetemeka, na kabla hujajua unachokiona yamekwisha kupita, umeachiwa upepo na harufu ya mpira. Chapati sikuzila. Mbio zilipomalizika niligundua nilikuwa nimesimama kwa muda wote, ndani ya lori, nimeinamisha kichwa kwa sababu ya paa. Bi Loretta akaniambia, "Sasa umekwisha. Hutaacha kazi hii." Na kweli sikuiacha.

Vifaa vyetu ni vichache, na ninyi wapya mnavijali kupita kiasi. Kuna mitungi ya kuzimia moto, mkasi wa haidroliki wa kukatia mabomba, kisu cha mikanda chenye mdomo kama wa kasuku, na unga wa kunyonya oili. Kila kimoja kina siku yake. Lakini kifaa cha kwanza ni macho, na kitu cha kwanza cha kutazama ni wavu. Dirisha la dereva halina kioo, lina wavu. Gari likigonga na kusimama, dereva akiwa mzima huushusha wavu, na watu wote uwanjani, kuanzia sisi mpaka bibi aliyekaa ngazi ya juu kabisa, wanashusha pumzi. Wavu usiposhuka, mkimbilie.

Baada ya miaka kadhaa mwenzangu wa lori alihamia Houston, nikaletewa Musafiri. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, mkazi wa mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, kwenye zile nyumba za ghorofa ambako kila mlango una lugha yake. Siku za mazoezi alikuwa anapanda treni, kisha basi, kisha anatembea, na bado anafika kabla yangu mimi mwenye gari. Mwili wake ulikuwa kama kabati. Aliimba nyimbo za kanisani tukingoja, kwa sauti ndogo isiyolingana na kabati hilo. Mbio zenyewe hakuzijali. Nikimuuliza nani atashinda alikuwa ananijibu, "Mzee Idi, bale batu banazunguka tu. Atashinda mwenye ataacha kuzunguka."

Tuliongea Kiswahili tangu siku ya kwanza, tukafurahi sana, kisha siku ya mazoezi tukagundua kwamba hatuelewani. Bi Loretta alikuwa amemwaga kimiminika chini ya gari ili tufanye kama kweli. Musafiri akatazama chini, akaniambia, "Mafuta!" Mimi nikakimbilia povu la kuzimia moto, kwa sababu kwetu dereva akienda kujaza petroli anasema anakwenda kujaza mafuta. Nikamwaga povu lote. Musafiri akasimama ananishangaa. Kumbe kwake hayo mafuta ni oili ya injini, ya kumwagia unga tu. Petroli anaiita esanse.

Siku ile nilimpa lifti, tukabishana njia nzima ya kurudi Dallas. Nikamwambia Kiswahili changu ndicho cha vitabuni. Akaniambia kitabu hakizimi moto. Mwisho tukaafikiana kabla hatujafika kwake: petroli ni esanse, oili ni mafuta, maji ya rejeta ni maji. Zuhura alicheka aliposikia nimekubali esanse. Bi Loretta yeye hakucheka. Alisema, "Mimi sijui mnachosema humo ndani. Liwe neno moja kwa kitu kimoja, basi." Nanyi mnaokaa lori moja, Mkenya na Mtanzania na Mkongo, fanyeni hivyo wiki ya kwanza. Bishaneni mkiwa hamna kazi.

Sasa niwaambie habari ya ile Jumapili, maana ndiyo mnayoniuliza kuliko zote.

Asubuhi mvua ilinyesha. Malori ya kukausha njia yalizunguka kwa saa nyingi, yakipuliza upepo wa moto kwenye lami mpaka mvuke ukawa unapanda kama kwenye sufuria. Watu hawakuondoka. Walikaa na makoti yao ya plastiki wakila mahindi, na jua lilipotoka mchana walipiga makofi kana kwamba jua nalo limeshinda kitu. Mbio zikaanza kwa kuchelewa, na madereva wote walikuwa na haraka. Niliisikia kwenye injini. Wakiwa na subira kundi linanguruma kwa sauti moja. Siku ile lilikuwa linagombana.

Nimeziona mbio nyingi, na sijawahi kuona nzuri kama zile. Walikwenda safu tatu, gari kushoto, gari katikati, gari ukutani, hakuna anayetaka kurudi nyuma. Aliyeongoza mzunguko huu, mzunguko ujao alikuwa wa kumi. Gari la rangi ya machungwa lilitoka nyuma kabisa, likapenya katikati kama mtu mwenye haraka sokoni, likafika mbele. Mimi nilikuwa namzungushia usukani wa lori langu lililosimama, kana kwamba naliendesha mimi. Hata Musafiri aliacha kuimba.

"Huyu wa machungwa ni nani?" akaniuliza.

"Kijana mgeni. Anaitwa Wade. Hajawahi kushinda."

"Anataka," akasema Musafiri.

Ilibaki mizunguko michache kabisa. Kundi likaingia kona ya nne likija upande wetu, gari la kijivu mbele, la machungwa limembana nyuma. Nikaona moshi mdogo mweupe kwenye gurudumu la nyuma la lile la kijivu. Tairi likapasuka. Gari likayumba, wa machungwa akakata kushoto kumkwepa, aliyekuwa nyuma yake hakuwa na pa kwenda, akamwingia chini ya bampa na kumnyanyua. Lile la machungwa lilipanda juu. Niliona chini yake, bomba la moshi na ekseli, vitu ambavyo mtu hapaswi kuviona. Likaanguka kwa paa, likaserereka kwa paa likimwaga cheche, likatoka kwenye lami likaingia kwenye nyasi zilizolowa, likasimama juu chini, karibu na ukuta wa ndani. Nyuma yake magari mengine yalikuwa yanagongana kama vyombo vinavyoanguka kabatini.

Nilishika gia. Nisikilizeni hapa. Kuna sheria kwamba lori haliingii njiani mpaka mnara wa waongozaji uruhusu, kwa sababu magari mengine bado yanapita, na mwokoaji aliyegongwa hamwokoi mtu. Kungoja ruhusa ile ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za kazi hii, ngumu kuliko moto. Mguu wangu wa kulia ulikuwa juu ya pedali. Musafiri alikuwa ameshafungua mlango. Kwenye redio zilisikika sauti nyingi, halafu ruhusa ya mnara ikaja kwa sauti ya Bi Loretta, tulivu kama anaagiza chai.

"Nne, nenda."

Tulikwenda. Nililisimamisha lori kati ya lile gari na njia, ili atakayekuja kugonga atugonge sisi kwanza. Wavu haukuwa umeshuka. Kwa kawaida gari likiwa limelala kwa paa na dereva akijibu vizuri, tunalifunga kebo na kulirudisha kwa magurudumu taratibu, yeye akiwa bado amefungwa kitini. Lori la pili lilikuwa limeshafika, na mwenye kebo ameshaanza kuivuta kuja kwetu. Musafiri alikuwa mbele yangu. Akapiga magoti, akanusa, akanigeukia.

"Esanse," akasema. "Mzee, esanse. Inatoka huku kwake."

Nikainua mkono juu kumzuia mwenye kebo. Ukiliburuta lile gari chuma kitakwaruza chuma, na cheche moja ingetosha. Upande wa nyuma, kwenye bomba la moshi, kulikuwa tayari na ulimi mdogo wa moto, wa buluu, unaonekana na kupotea. Musafiri akauona nilipouona. Akachukua mtungi. Mimi nikalala chini kwa tumbo, kwenye nyasi na maji na petroli, nikaung'oa ule wavu na kuingiza kichwa.

Wade alikuwa ananing'inia. Macho yake yalikuwa wazi ndani ya helmeti. Mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kifungo.

Nikamweka mkono begani, nikakandamiza. "Wade. Usikifungue hicho. Mimi naitwa Idi. Nitakutoa."

"Siwezi kupumua."

"Unaongea, kwa hiyo unapumua. Weka mkono wako juu ya wangu. Hapo. Unazisikia nyayo zako?"

Akafikiri. "Ndiyo. Zote mbili." Halafu akauliza, "Kuna moto?"

Sikutaka kumdanganya. Mtu anayening'inia anakujua ukidanganya. "Kuna mdogo, nyuma. Mwenzangu yuko nao."

Nyuma yangu nilimsikia Musafiri akipuliza mtungi, kisha akiutupa na kuomba mwingine, na katikati ya hayo akiomba Mungu kwa Kiswahili cha Bukavu, na redio yake ilikuwa wazi, kwa hiyo mnara mzima ulisikia sala ile bila kuielewa. Nikajisogeza ndani zaidi, nikageuka mgongo, bega langu likawa chini ya mabega yake na helmeti yake imelala shingoni mwangu. Usukani, ambao kwenye magari haya huchomoka, nilikuwa nimeshauchomoa na kuusukuma pembeni. Nikakata mkanda wa bega la kushoto, kisha wa kulia. Uzito ulianza kuja.

"Musafiri!"

"Niko."

"Nakata kiuno."

"Kata."

Nikaikata iliyobaki. Kijana akashuka na uzito wake wote juu yangu, na Musafiri akanishika mimi kwa mkanda wa suruali na yeye kwa kola ya ovaroli, akatuvuta wote wawili kwa pamoja kama magunia mawili ya mkaa. Tulitokea kwenye nyasi. Hatukuwa tumefika mbali moto ulipoifikia petroli. Ulitoa sauti nzito, kama zulia linalokung'utwa, na joto likanipiga kisogoni. Vijana wa povu walikuwa wameshasimama tayari, wakaufunika, ukafa.

Wade alikuwa amelala chali anatazama mawingu. Bado alikuwa ameshika mkono wa shati langu, na hata daktari alipokuja na ambalansi alichukua muda kuuachia. Alipoinuliwa akasimama mwenyewe. Watu uwanjani walipoona amesimama walipiga kelele ambayo sijaisikia tena, kubwa kuliko injini zote. Wade akaniuliza kitu. Nilidhani anataka maji.

"Nani anaongoza?" alikuwa anauliza.

Nilimwambia sijui, na kwamba kwa mara ya kwanza katika mbio zile sikuwa na haraka ya kujua.

Lakini mbio hazikuwa zimekwisha, nanyi mnajua kwamba kuokoa ni nusu ya kazi. Bendera nyekundu ilikuwa imesimamisha magari yote. Tulikuwa na njia iliyojaa vipande vya bodi, oili kuanzia kona mpaka karibu na mstari, na jua linashuka. Kila mtu alitoka na ufagio. Bi Loretta mwenyewe alimwaga unga kwa mikono miwili, analaumu upepo. Malori yakapuliza, tukafagia, tukatembea bega kwa bega tumeinamisha vichwa tukitafuta misumari. Mnara ukauliza kama njia iko tayari. Bi Loretta akatembea peke yake juu ya ile lami, akaisugua kwa kiatu, akarudi, akasugua tena mahali pamoja, ndipo akasema iko tayari. Uwanja mzima ulimngoja yule mama na kiatu chake.

Wakaanza tena, mizunguko miwili tu ya kumaliza. Nilikuwa nimekaa kwenye lori langu nimelowa petroli, nimekatazwa kusogelea kitu chochote chenye moto, na sijawahi kuwa na raha kama ile. Walikuwa wawili mbele, gari la buluu na gari jeupe. Walipita mara ya kwanza wamegusana milango. Walipotokea kona ya nne mara ya mwisho walikuwa bado wamegusana, moshi unatoka mahali wanaposuguana, hakuna aliyeinua mguu. Musafiri alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. "Nenda, mweupe," alikuwa anasema kwa sauti ndogo, "nenda, nenda, nenda." Mweupe akashinda kwa upana wa taa. Musafiri akapiga dashibodi ngumi moja na plastiki ikapasuka. Ninyi mnaoendesha lori lile mnajua, ufa bado upo.

Nilipotaka kushuka, goti la kushoto halikukubali. Nilikuwa nimelilalia jiwe wakati ule wa kukata mikanda, na sikuwa nimesikia. Musafiri alinishusha kama mtoto. Zuhura akapiga simu, alikuwa ameona kwenye televisheni nyumbani Garland.

"Uko mzima?" akauliza.

"Mzima. Goti tu."

Akaniambia, "Nimekuona ukiingia mle. Nilisimama mpaka ulipotoka. Halafu shati lilikuwa nje, nchi nzima imeona mgongo wako." Ndipo akaanza kulia, nami nikakaa kwenye ngazi ya lori nikamsikiliza.

Goti lilifanyiwa upasuaji, likapona kwa kiasi cha kupanda ngazi za nyumba, si kulala kwenye lami. Nilimwambia Bi Loretta mwenyewe, gerejini, kwamba nastaafu. Akatema maganda ya mbegu zake. "Umechagua siku nzuri ya kumalizia," akasema, akaniuliza nani akae na Musafiri. Hilo lilinisumbua kuliko goti. Kulikuwa na vijana wawili wenye nguvu, na kulikuwa na Chebet, Mkenya wa Eldoret, muuguzi wa hospitali moja ya Dallas aliyekuwa anakuja kwetu wikendi. Chebet alikuwa mdogo wa mwili. Aliwatia wasiwasi watu wengine. Lakini nilikuwa nimemwona mazoezini akimuuliza Musafiri maana ya kila neno lake, na Musafiri, ambaye hapendi kuulizwa, akimjibu. Nikamtaja yeye.

Mbio za kwanza bila mimi nilizitazama nyumbani. Zuhura alikuwa amepika pilau na kuwaita majirani, ili nisione upweke, nadhani. Karibu na mwisho gari moja la kijani liligonga ukuta, likazunguka, likasimama limepondeka upande wa dereva. Wavu haukushuka. Nikaona lori letu likitoka. Kamera ilikuwa juu sana, watu walikuwa wadogo kama punje. Niliona punje kubwa ikienda nyuma ya gari na mtungi, na punje ndogo ikiinama dirishani.

"Idi, kaa, watu hawaoni," Zuhura akasema. Sikuwa nimejua kama nimesimama.

Kamera ikasogea. Chebet, nilikuona. Helmeti ya dereva ilikuwa inageuka huku na huku kama mtu aliyepotea, na wewe ukaushusha wavu, wala hukugusa mkanda. Uliingiza mkono kwanza, ukauweka begani mwake, ukaukandamiza. Ile helmeti ikatulia. Nikawaambia majirani kwamba yule dereva atatoka salama, wakaniuliza najuaje na bado yuko ndani. Nikakaa chini, nikaomba sahani yangu.